Mandari ya Jumapili: Kiswahili, Bustani na Familia kutoka Kitisuru hadi Karura

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya Kiswahili katika matembezi ya familia bustanini, hususan familia za vitongoji vya magharibi mwa Nairobi ambazo hutoka Kitisuru mwishoni mwa wiki kwenda kupunga hewa katika msitu wa Karura. Bustani ya Kijapani imetumiwa kama kielelezo cha kulinganishia kwa kuwa istilahi zake zilizaliwa katika lugha ya wenyewe na zikasafiri pamoja nayo. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kimo katika bustani za Nairobi tangu enzi za ukoloni, ila kimepewa kazi ya kuamuru. Kazi ya kustaajabia na kusifia imeachiwa lugha nyingine.

Utangulizi

Swali aliloliuliza Joshua Fishman mwaka 1965, kwamba ni nani husema lugha gani, na nani, na lini, ni kizingiti ambacho kila mwanafunzi wa isimujamii hana budi kukivuka. Kutokana na swali hilo ndipo dhana ya nyanja za matumizi ya lugha ilipopata nguvu: nyumbani, shuleni, kazini, mahali pa ibada na kadhalika. Wachunguzi wa Kiswahili nchini Kenya wamezoea kukifuata sokoni, ndani ya matatu, bungeni na redioni. Ni nadra kumwona mmoja wao akikifuata bustanini siku ya Jumapili, pale ambapo mama amebeba kikapu, watoto wametangulia mbio na hakuna mtu aliye kazini. Ilhali ni katika saa kama hizo mtoto hujifunza lugha ya kupendea vitu. Lugha ya kuombea chakula na ya kufanyia mtihani huipata kwingine.

Kitisuru ni wadi katika eneo bunge la Westlands. Enzi za ukoloni sehemu hizi zilikuwa mashamba ya kahawa ya masetla. Leo ni kitongoji cha nyumba kubwa zilizozungukwa na viwanja vipana, kuta na miti. Karibu nacho upo msitu wa Karura, ambao sehemu yake ya Sigiria imetengwa na msitu mkuu na Barabara ya Limuru. Familia ya Kitisuru inayotaka kutembea bila kusafiri mbali aghalabu huelekea huko.

Kuhusu bustani ya Kijapani, huenda msomaji akashangaa imeingiaje katika jarida la Kiswahili. Imeingia kwa sababu ndiyo bustani iliyosafiri kuliko nyingi duniani bila kupoteza lugha yake. Familia ya London huweza kutembea katika Kyoto Garden, iliyofunguliwa mwaka 1991 ndani ya Holland Park; ya Portland nchini Marekani ina bustani yake ya Kijapani iliyowafungulia watu milango mwaka 1967; ya Durban inayo pia. Kote huko mgeni huondoka na neno moja au mawili ya Kijapani mdomoni, hata kama hajawahi kuiona Japani. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: familia itokayo Karura jioni huondoka na neno gani la Kiswahili?

Mandari, ua na kiunga

Neno lifaalo zaidi kwa matembezi haya limo kamusini na limeanza kusahauliwa bara. Neno hilo ni mandari. Mandari ni matembezi ya kujifurahisha ambapo watu huchukua chakula chao wakaenda kukila nje, ufuoni au penye miti. Lina undugu na mandhari, na yote mawili huhusishwa na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Anayekwenda mandari, basi, anakwenda kutazama. Chakula ni cha kuyasindikiza macho. Jijini Nairobi neno hili limepokonywa nafasi yake na pikiniki, ambalo halina ubaya wowote isipokuwa kwamba limekata undugu ule kati ya kula nje na kuangalia. Wapwani wana pia kubarizi na kupunga upepo, na kila moja lina saa yake: anayebarizi ameketi, anayepunga upepo huenda ameketi au anatembea, aendaye mandari ameaga kabisa nyumbani.

Bustani ni neno la Kiajemi, na maana yake ya asili ni mahali penye harufu nzuri. Firdausi, jina la pepo ya juu kabisa, nalo chimbuko lake liko katika Kiajemi cha kale, katika neno lililomaanisha uwanja uliozungushiwa ukuta. Dhana ya pepo na dhana ya ukuta zimekaa pamoja tangu zamani. Inafurahisha kwamba miongoni mwa barabara za vitongoji hivi vya magharibi mwa Nairobi, ambako kuta ni ndefu, imo Barabara ya Peponi.

Kiswahili chenyewe kimelibeba jambo hili katika neno fupi kupita yote: ua. Ua la ngeli ya LI-YA huchanua. Ua wa ngeli ya U-ZI huzuia. Wingi wa la kwanza ni maua, wa la pili ni nyua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa tofauti hii kama zoezi la upatanisho wa kisarufi, akaandika "ua limechanua" na "ua umejengwa", akapata alama zake. Akitembea Kitisuru ataiona sarufi hiyo imesimama barabarani. Mpita njia huona nyua. Maua huyaona pale tu ambapo bogonvilia imezidi kimo cha ukuta ikamwagikia upande wa nje.

Neno la nne ni kiunga, na hili ndilo tajiri zaidi. Kiunga ni shamba la miti, hasa ya matunda, lililo kando ya mji. Na kwa kuwa mashamba hayo yalikuwa mwishoni mwa mji, kiunga kikawa pia ndiyo pembezoni mwa mji penyewe. Ndiyo sababu watangazaji husema "viunga vya jiji la Nairobi" bila kukumbuka kwamba wanataja miti. Ni rahisi pia kulihusisha neno hili na kitenzi unga, kwa maana ya kushikamanisha kitu na kingine. Kiunga, kwa tafsiri hiyo, ni mahali mji unapoungana na kijani. Mji wa Kiunga ulioko kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, unalibeba jina hili hadi leo. Lugha ambayo kitongoji na bustani vyake ni neno moja haiwezi kuambiwa kwamba bustani ni jambo geni kwake.

Bustani iliyopewa majina na wenyewe

Kitabu cha kale cha utengenezaji wa bustani nchini Japani, Sakuteiki, ni cha karne ya 11. Katika kitabu hicho kazi nzima ya kutengeneza bustani huitwa kusimamisha mawe. Jiwe ndilo linalotangulia, na mtengenezaji hutakiwa kulitazama na kulisikiliza linataka kukaa vipi kabla ya kulikita. Maji na miti hufuata. Mtu akizoea kuwaza hivyo, haoni ajabu bustani ya hekalu la Ryoan-ji mjini Kyoto kuwa na changarawe iliyochanwa mistari na mawe 15, bila bwawa wala kitalu cha maua. Mawe hayo yamepangwa kwa namna ambayo anayeketi varandani hawezi kuyaona yote 15 kwa mara moja. Akisogea alione lililofichika, jingine humponyoka. Mwanafunzi wa ushairi aliyekwisha kuhangaika na shairi la mafumbo anaijua hali hiyo.

Istilahi inayofaa zaidi kwa mjadala huu ni shakkei, yaani mandhari ya kuazima. Mtengenezaji hupanga miti na ukuta wake kwa namna ambayo mlima au msitu ulio mbali, usio mali yake, huonekana kama sehemu ya bustani yake. Nyumba nyingi zinazopakana na Karura hufanya vivyo hivyo: varanda imeelekezwa msituni, na mwenye nyumba hunywa chai yake akitazama miti ya umma. Hakuna kosa katika kuazima kwa macho. Ila Mjapani amelipa jambo hilo jina ambalo ndani yake mna deni. Anayesema "kuazima" amekiri kwamba mali si yake.

Si kweli kwamba bustani zote za Japani zilikuwa za watu wote. Nyingi zilikuwa za makabaila na za mahekalu. Ndiyo maana Kairakuen ya mjini Mito hutajwa kwa namna ya pekee. Mtawala wa Mito, Tokugawa Nariaki, aliifungua mwaka 1842 na kuiita kwa jina lenye maana ya bustani ya kufurahia pamoja na watu. Ahadi iliandikwa ndani ya jina, na jina likabaki kuwa shahidi.

Bustani katika fasihi

Fasihi ya Kiswahili imelijadili jambo la ua na aliye nje ya ua kwa muda mrefu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayatazama majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari, sasa yamehamwa na watu na kukaliwa na wadudu, ndege na mimea ya porini. Kuta zimebaki, waliozijenga hawapo. Wahakiki huusoma utenzi huo kama mawaidha juu ya dunia, na wako sawa. Unaweza kusomwa vilevile kama shairi la mahali ambapo ua wa U-ZI ulishindwa na mmea wa porini. Bustani ya Kijapani ni mapambano ya kila siku dhidi ya ushindi huo, kwa makasi na ufagio.

Kwa upande wa nathari, Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978) inaonyesha maisha ya bwanyenye wa Unguja na watumishi wake katika miaka ya kuelekea Mapinduzi ya 1964. Msomaji wa riwaya hiyo hajiulizi kasri ni nzuri kiasi gani. Anajiuliza ni mikono ya nani inayoifanya ibaki nzuri. Swali hilo litarejea hapa chini, kwa sababu Kitisuru nayo ina mikono yake.

Ushairi wa mapenzi na nyimbo za taarabu, bila shaka, zimejaa waridi, asumini na vikuba. Lakini maua hayo karibu yote ni mtu: mpenzi, mke, binti. Ua ambalo ni ua tu, lililotazamwa kwa ajili yake lenyewe, ni adimu zaidi. Hili si dosari ya ushairi huo, ila ni jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya Karura.

Jumapili msituni

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Ukubwa wake ni hekta 1,041. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi, na mnamo Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji huo. Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hata baada ya ardhi kuokolewa, wakazi wengi waliogopa kuingia humo kwa sababu ya wahalifu. Chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kilianzishwa mwaka 2009 kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Ua wa umeme ukajengwa, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa kwa umma. Wageni hulipa kiingilio langoni. Ua uliojengwa Karura uliwafungia nje wanyakuzi na wahalifu, ukawafungulia watoto. Ni mara chache neno hilo la U-ZI kupata kazi njema kiasi hicho.

Ndani mna njia za kutembea na za baiskeli, maporomoko ya maji, mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau hukumbukwa kwayo, mianzi, na bwawa lenye mayungiyungi. Mbega walirejeshwa humo kuanzia mwaka 2014 wakitolewa eneo la Kipipiri. Kuna kima na paa wadogo. Kuna miti ya kigeni kama mikaratusi na misonobari iliyopandwa kwa ajili ya mbao na kuni, na kuna ya asili kama muhugu, ambao mbao zake ngumu hupendwa na wachongaji.

Mazungumzo yafuatayo ni ya kubuni. Yamewekwa ili kuonyesha jinsi maneno yanavyogawanyika kati ya vizazi vitatu vya familia moja. Nyanya ametoka Mombasa kumtembelea mwanawe anayeishi Kitisuru.

Mjukuu: Nyanya, njoo uone! Maua yanaelea juu ya maji.
Nyanya: Hayo ni mayungiyungi, mjukuu wangu. Wala hayaelei hivyo. Shina lake limekwenda mpaka chini kwenye tope.
Mjukuu: Mayungi nini?
Nyanya: Mayungiyungi. Kwani hamfunzwi shuleni?
Mama: Wanayajua kwa Kiingereza tu, Mama.
Nyanya: Basi leo watayajua kwa jina jingine. Na ule mti, mwanangu, si muhuhu ule?
Baba: Huku twauita muhugu, Mama.
Nyanya: Ndio ule ule. Tele msitu wa Sokoke. Watu wa kwetu wajengea nyumba.

Sarufi ya mjukuu haina kasoro. "Maua yanaelea" ni tungo sahihi, na mtihani wa shule ungempa alama zote. Alichokosa ni jina mahususi, na pamoja na jina hilo amekosa maarifa: aliyelijua yungiyungi kwa jina amelijua pia kwa mzizi wake. Baba analo jina la mti, lakini amelipata kwa lugha za bara na kwa maseremala, na huenda asingelitamka kabisa lau mama yake hakuuliza. Mti wenyewe umekuwa shahidi mzuri. Muhugu wa Karura na muhuhu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya, ni mti mmoja. Majina yametofautiana kwa konsonanti moja. Nyanya aliyedhaniwa ni mgeni Nairobi ndiye aliyekuwa mwenyeji msituni.

Mama, kwa upande wake, ndiye aliyeeleza hali halisi kwa sentensi fupi: wanayajua kwa Kiingereza tu. Hakusema kwa fahari wala kwa majuto. Ndivyo mambo yalivyo katika nyumba nyingi za viunga hivi, na haifai kuwalaumu wazazi kana kwamba waliamua. Lugha huenda pale inapoitwa, na hapa Kiswahili hakikuitwa.

Kiswahili cha siku za kazi

Hata hivyo, ni kosa kudai kwamba Kiswahili hakisikiki katika bustani za Kitisuru. Husikika kuanzia Jumatatu asubuhi. Husikika langoni kati ya mlinzi na mpita njia. Husikika kati ya mwenye nyumba na mtunza bustani: lima hapa, fyeka pale, mwagilia, fagia majani, pogoa huo mti unagusa waya. Vitenzi ni vingi, vyote viko katika hali ya kuamuru, na karibu vyote vinatoka upande mmoja.

Hali hii ina historia. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, ambacho katika anwani yake kilitaja kwamba ni kwa ajili ya askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Kiswahili kilichozungumzwa na watu hao kilikuja kuitwa Kisetla. Wanaisimu wameeleza sifa zake: upatanisho wa ngeli ulivunjika, viambishi vikapungua, na kitenzi cha amri kikawa ndio uti wa mgongo wa lugha. Setla hakuhitaji Kiswahili cha kulisifia waridi lake. Alihitaji Kiswahili cha kumwambia mtu alimwagilie maji. Mashamba ya kahawa yaligawanywa na kuwa viwanja, masetla wakaondoka au wakabaki raia, lakini mgawanyo wa kazi kati ya lugha umedumu kuliko kahawa.

Neno shamba linaonyesha mgawanyo huo vizuri. Katika Kiswahili cha pwani shamba ni mahali penye minazi, mikarafuu au mazao mengine, na kinyume chake ni mji. Katika Kiingereza cha Nairobi neno hilohilo liligeuka kuwa bustani ya nyumbani, na anayeitunza akaitwa mvulana wa shamba hata awe na wajukuu. Kiswahili nacho kina lawama yake hapa, kwa sababu neno mshamba lilikwisha kuwa tusi kabla setla hajafika. Mtunza bustani wa Kitisuru amebeba dharau za lugha mbili.

Lakini yeye ndiye mwenye msamiati. Anajua kitalu na miche, samadi na mboji, palizi na kupogoa. Anajua mmea upi hupenda kivuli na upi hufa ukimwagiliwa jua linapowaka. Nchini Japani upogoaji wa msonobari ni ujuzi unaochukua miaka kufunzwa, na anayeumudu huheshimiwa kama msanii. Neno la Kiswahili la kazi hiyo lipo, kitenzi chenye umri mkubwa na matumizi ya kila siku, ila hakijawahi kuingizwa katika mazungumzo ya sanaa. Hapa tofauti kati ya Kyoto na Kitisuru haimo katika kamusi. Imo katika hadhi ya anayelitamka neno.

Yapo mabadiliko ambayo yangeweza kuusogeza mpaka huu. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na kuwa lugha ya taifa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, fuo na misitu ya hifadhi nchini, na sheria hiyo imerejesha vitu ambavyo majina yao ni ya Kiswahili tangu hapo: kikapu cha ukindu, mkeka, kawa la kufunikia chakula, kibuyu. Familia inayofungasha mandari yake bila plastiki inajikuta imebeba msamiati wa nyanya yao. Kama watoto wataambiwa majina hayo au watavibeba tu bila kuambiwa, hilo ni juu ya aliye nyumbani.

Neno lililoazimwa Japani

Mwezi Februari 2005 Wangari Maathai alizuru Japani, na huko akajifunza neno mottainai. Wajapani hulitumia kitu chenye thamani kinapotupwa au kutumiwa vibaya: wali uliobakizwa sahanini, karatasi iliyoandikwa upande mmoja. Maathai alilipenda, akalibeba, akalitumia katika kampeni yake ya mazingira katika majukwaa ya kimataifa. Mama aliyeitetea Karura akawa balozi wa neno la Kijapani. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuuliza, bila kumkosea heshima, kwa nini safari ile haikuanza na neno la huku nyumbani.

Wagombea wapo. Israfu linakaribia sana, kwa kuwa hulaani matumizi ya kupindukia hata ya kitu cha halali, lakini limebaki zaidi katika mawaidha ya dini. Ubadhirifu lilikuwa na upana uleule kabla ya kutekwa na taarifa za habari. Siku hizi likitajwa, msikilizaji hufikiria fedha za serikali. Ufujaji limefuata njia hiyohiyo. Lililo karibu zaidi na roho ya mottainai pengine si neno moja, ni usemi wa kina nyanya jikoni wanapomkanya mtoto anayechezea chakula: asikufuru neema. Katika usemi huo kitu kilichotupwa kina heshima yake, na anayekitupa amekosa adabu kwa aliyempa. Hiyo ndiyo maana ambayo Maathai aliisifu katika neno la Kijapani. Usemi wetu haujapandishwa jukwaani.

Jambo hili linaweza kujaribiwa kwa kitu kidogo. Bwawa la Karura hujulikana na wageni wengi kwa jina la Kiingereza linalolitaja yungiyungi na kuliita ziwa. Mfasiri asiye makini ataandika Ziwa la Maua. Mwenye kujali ataona matatizo mawili. Kwanza, ziwa kwa msikilizaji wa Kenya ni Naivasha au Victoria, na maji haya ni bwawa tu. Pili, yungiyungi lina wingi wake, na anayesimama ukingoni haoni moja. Bwawa la Mayungiyungi lingekuwa sahihi, ingawa ni refu kwa kibao. Kwa Yungiyungi lingekuwa fupi na lingefuata desturi ya kutaja mahali kwa kitu chake, jinsi watu wasemavyo kwa Jeevanjee au kwa Maji. Wanachama wa chama hiki walio Nairobi wanaweza kulijadili wakiwa wameketi ukingoni penyewe. Na kabla ya kupiga kura, ingefaa wamuulize mmoja wa watunzaji wa msitu, au mtunza bustani wa Kitisuru anayepita hapo akirudi nyumbani, yeye hupaitaje.